Gundi Isiyo Kwenye Kadi

Ukunda, Jumatatu, 9 Juni 2025

Baba yangu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Goti lako laamkaje siku hizi? Shangazi Esha hajambo? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah, lakini ni mwili tu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunisikii hata nikipiga ukelele, na ujumbe wa simu shangazi hukusomea kwa sauti mpaka jirani wa tatu akajua. Hili sitaki ajue mtu. Nampa Nzai, dereva wa gari la mkate, akukabidhi mkononi.

Baba, nimeliharibu taya. Lile taya la mamba wa kale ulilolichimba huko Kinango kabla sijazaliwa, ambalo kila mgeni wa makumbusho yetu huanzia hapo. Lilikuwa limeanza kuachana upande wa kushoto, na mkubwa wangu, Beryl, akaniambia nikifungue kiungo cha zamani nikiunganishe upya. Nikasoma kadi uliyoiandika mwaka 1994: “Kimeunganishwa kwa gundi ya chembe. Huyeyuka kwa asetoni.” Nikafanya vile ulivyonifundisha wewe mwenyewe. Matone machache kwa sindano, ngoja, matone mengine.

Gundi ya chembe, ile tunayoiyeyusha kutoka chembe za plastiki, ingelainika ikaachia taratibu. Hii haikuachia. Ilivimba, Baba! Ilivimba ndani ya ufa ikausukuma mfupa, na kabla sijainua mkono nikasikia ta! Meno matatu yamechomoka, na upande wa kushoto ni vipande kumi na tisa kwenye sinia.

Ile si gundi ya chembe. Nakuomba uniambie ni gundi gani. Nikiijua nitajua cha kuitoa nacho. Nisipoijua, kila nitakachojaribu kinaweza kuumaliza mfupa uliobaki.

Mwanao,
Twaiba


Msambweni, Alhamisi, 12 Juni 2025

Mwanangu Twaiba,

Wa aleikum salaam, marahaba. Goti lipo, linanipangia mambo kama mke wa pili. Shangazi yako hajambo ila kanuna, maana Nzai alikataa kumpa barua yangu akaja nayo mpaka msikitini.

Sasa hilo la taya. Wewe una haraka tangu tumboni mwa marehemu mamako. Hukungoja hata miezi tisa itimie, utangoja asetoni? Umemwaga nyingi, basi. Mfupa umeshtuka.

Miaka thelathini na moja taya lile limekaa pale. Limepigwa picha na Wazungu, na Wachina, na watoto wa shule wenye vidole vya mafuta, na halikupasuka. Leo umeligusa wewe ndipo likapasuka, halafu waniuliza mimi? Kadi imeandikwa kwa mkono wangu na kilichoandikwa ndicho hicho. Unganisha vipande vyako, acha kutafuta pa kuegemea.

Nimempa Nzai mihogo na nazi nne. Usimpe huyo Beryl zote.

Babako,
Chirau


Ukunda, Jumamosi, 14 Juni 2025

Baba,

Assalaam aleikum. Shikamoo, na ahsante kwa mihogo. Sijaila.

Baba, sitafuti pa kuegemea, nafa! Ile gundi iliyovimba sasa inakauka, na inapokauka inajikunja na kuubandua mfupa ngozi yake ya juu, magamba membamba kama ya kitunguu. Kila asubuhi nikifunua sinia nakuta vumbi jipya. Nilijaribu kuvinywesha vipande gundi nyepesi ili mfupa ushikamane, lakini unyevu wa hapa umeifanya iwe nyeupe kama ukungu, hata siuoni mfupa wenyewe. Nimeacha.

Jana niliigusa gundi ya zamani kwa ncha ya sindano ya moto. Moshi wake ulinukia chetezo, Baba. Ulinukia nyumba yenye arusi. Gundi ya chembe hainukii hivyo, wewe wajua na mimi najua.

Jumatatu ya tarehe 30 wanakuja wakaguzi kutoka Nairobi. Beryl kaniambia wazi, “Twaiba, mimi nakupenda, lakini kama hakuna maelezo, lazima kuna mtu.” Huyo mtu ni mimi. Kazi hii nimeitafuta miaka sita na nimeipenda kwa sababu yako. Niambie ni nini mle ndani. Hata nusu ya neno.

Mwanao,
Twaiba


Ukunda, Ijumaa, 20 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu nyingi.

Nzai amepita kwako mara tatu. Anasema uliisoma barua yangu ukiwa umesimama, ukaikunja, ukamwambia, “Hakuna majibu.” Hakuna majibu, Baba? Kwa mwanao?

Basi nitauliza, na Mungu anisamehe kumuuliza mzazi. Uliandika uongo kwenye kadi? Wewe uliyenifunza kwamba mfupa hauna mdomo, na atakayekuja baada yetu hana wa kumuuliza ila ile kadi? Wewe uliyenifanya niandike kadi upya kwa sababu niliandika “gundi” bila kutaja ni ipi?

Kama uliandika, sikuhukumu. Wallahi sikuhukumu. Lakini jino la mbele limeanza kumomonyoka na siwezi kuligusa. Nakaa nalitazama tu. Nimebakiwa na siku kumi.

Twaiba


Msambweni, Jumatatu, 23 Juni 2025

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Barua hii nimeianza mara nne.

Niliandika uongo.

Ulikuwa na siku tano duniani. Mamako alikuwa bado hajapata nguvu, wewe ulilia usiku kucha, na mimi nilikuja kazini nikiwa nimelala kwa saa moja tu. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya mapumziko. Nikalibeba taya peke yangu, kitu ambacho hakifanywi, nikajikwaa kizingitini. Lilivunjika vipande saba. Hapakuwa na mtu. Mkubwa wetu alikuwa ameshaondoka na ufunguo wa kabati la gundi, na angerudi Jumanne. Yarabi, nilikaa sakafuni nikaona kazi imekwenda, nawe ndio kwanza umekuja.

Nikavibeba vipande nyumbani kwenye kikapu. Mamako alikuwa na sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti, ya kukufukizia. Nikaitwaa, nikaisaga, nikailoweka kwenye spiriti ya karabai, nikaichuja kwa kipande cha kanga. Kwa siku tatu nikaunganisha. Ilishika vizuri mno, hata mimi nilishangaa. Jumanne nikalirudisha, na kwenye kadi nikaandika gundi ya kazini, ili nisiulizwe. Nikasema nikitulia nitairekebisha. Kisha wakaja wageni, wakanipiga picha nalo, watu wakaanza kuniita Fundi Chirau. Ningeanzia wapi?

Na uliponiandikia niliutukana mkono wako. Mkono ambao haukukosa lolote. Hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Sasa fanya hivi. Asetoni iweke mbali kabisa. Chukua spiriti safi, weka chupa yake ndani ya beseni la maji vuguvugu, karibu pasiwe na moto. Lowesha pamba, laza juu ya kiungo, funika na nailoni, iache toka adhuhuri hadi alasiri. Sandarusi italegea kama jemu. Itoe kwa kijiti cha mwanzi, chuma usitie. Na gundi nyepesi unyweshe mfupa saa za jua kali, ndani ya sanduku lililofungwa lenye mchele uliokaushwa kikaangoni. Mchele utavuta unyevu, na ule weupe hautatokea.

Ukurasa wa pili ni wa Beryl. Nimeeleza yote na kutia sahihi. Mpe.

Babako


Ukunda, Jumanne, 1 Julai 2025

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya siku nane. Sikutoka chumba cha kazi ila kulala.

Spiriti imefanya kazi! Sandarusi ilitoka kama ulivyosema, na nilipoifunua pamba ya kwanza nikalia mpaka Beryl akaja kuniangalia. Na mchele pia. Vipande kumi na saba vimekaa mahali pake, na mfupa umeshika, ukiupitishia kidole hautoi vumbi. Viwili vilikuwa vimekwisha kuwa unga, na jino la mbele sikuliwahi. Viungo viwili vya nyuma sikuvigusa, vimeshikana bado, nimeviacha na sandarusi yake.

Wakaguzi walikuja jana. Baba, ukurasa wako wa pili sikumpa Beryl. Nimeuchoma.

Usikasirike. Waliingia, na kabla hata ya kuuliza kuhusu taya, mmoja wao alisimama mbele ya ile picha yako ukutani akasema, “Huyu mzee ndiye aliyetufundisha sisi sote.” Sikuweza. Nikawaambia nilizidisha asetoni, kosa ni langu. Kwenye kadi mpya nikaandika hivyo hivyo, na gundi ya zamani nikaiacha kama ulivyoiandika wewe. Jioni Beryl akanipa barua ya kuachishwa. Hakuniangalia usoni.

Mimi bado kijana, nitapata kazi nyingine. Kuna hoteli Diani wanatafuta mtu wa mapokezi. Wewe una umri wa miaka sabini na mitatu na jina ndilo ulilo nalo. Kaa nalo, Baba. Umenilipa kwa kuniambia ukweli, yatosha.

Mwanao,
Twaiba


Msambweni, Jumatano, 2 Julai 2025

Twaiba,

Wa aleikum salaam. Sijambo. Si kweli, sijambo gani?

Nani alikuomba? Nani alikutuma unihurumie? Nimekaa miaka thelathini na moja na uongo mmoja, nikautema kwa shida kama mtu anayetema mwiba, nawe umeuokota ukauweka kinywani mwako! Na ukaniandikia kama habari njema!

Hebu fikiri kama fundi, uache kufikiri kama mtoto wangu. Viungo viwili vya nyuma vina sandarusi. Kadi, kadi yako sasa, yasema gundi ya chembe. Ipo siku vitaachia, maana vilivyo mbele viliachia. Atakuja msichana mwingine, aliyesoma, mwangalifu, ataisoma kadi, atachukua sindano yake na asetoni yake. Yatampata yaliyokupata. Na huyo atamwandikia nani? Mimi nitakuwa kaburini nawe uko mapokezi unagawa funguo!

Mimi niliogopa, nilikuwa na mtoto wa siku tano. Wewe hukuogopa kitu, umefanya kwa mapenzi, na mfupa haujui tofauti.

Nakupenda, mwanangu, kuliko jina hilo. Ulipaswa kulijua bila kuandikiwa. Labda kosa ni langu kwamba hukulijua.

Kesho nakuja na Nzai. Shangazi yako analia tangu adhuhuri, anasema nitajiaibisha mbele ya watu wa Nairobi, ambao Nzai anasema bado wapo mpaka Ijumaa. Mwache alie. Usije getini, usiniombee kwa mtu.

Babako,
Chirau


Ukunda, Ijumaa, 4 Julai 2025

Baba yangu,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Natumai umefika salama na goti halikukusumbua sana kwenye gari la Nzai. Mpe pole shangazi Esha.

Kazi sijarudishiwa. Beryl alinipigia simu leo asubuhi, akasema uamuzi uko Nairobi, akasema pole mara nyingi, hakuahidi kitu. Inawezekana nisirudi. Wamesema kusema uongo kwa wakaguzi ni kosa jingine, na hilo ni langu kweli. Picha yako wameiteremsha. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine.

Na mimi nina la kukiri. Jana nilikuja. Uliniambia nisije getini, basi nikapitia mlango wa nyuma, wa chumba cha kazi. Nilikuja kukuzuia. Nilikuwa nimepanga la kusema, kwamba mzee haoni vizuri, anachanganya mambo, wamsamehe, nitamrudisha nyumbani. Ningelisema, Baba. Wangeniamini.

Nilikuona kupitia kioo cha mlango wa ofisi. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha Beryl, naye kasimama, na wale wa Nairobi wamesimama. Kadi iko mbele yako. Ulikuwa ukiandika neno moja unapumzika, neno moja unapumzika. Ulifuta macho kwa mkono wa kanzu ukaendelea. Yule aliyesema umewafundisha wote alikuletea maji, hukuyagusa.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa, na nilikuwa nimekwisha kukizungusha. Nikakiachia polepole ili usiniangalie, nikakuacha umalize.

Mwanao,
Twaiba