Mapaa Mawili, Mtaa Mmoja

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatano, 25 Machi 2026
Asubuhi: mawingu mazito upande wa bahari, manyunyu hadi saa mbili, kisha jua la kuchoma.

Dada yangu mpendwa Klara,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na Mama pia. Mimi sijambo. Kifua kilinibana wiki iliyopita kwa kunyeshewa, sasa kimeachia. Vipi mbaazi zako? Mvua za huku zimewahi, sijui kama na Masasi zimefika. Na Mama anaendeleaje na lile jicho? Bado anasema ukungu uko nje, si machoni mwake?

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Nimefanya makusudi. Tangu Agosti, tulipogombana kuhusu jicho hilo, mimi nikitaka Mama aje apasuliwe hapa, wewe ukitaka abaki huko, hatujasemeshana. Na kwa kweli hata siku ile hatukusemeshana. Tulipayuka wote kwa pamoja mpaka salio lako likaisha, na hakuna aliyepiga tena. Karatasi haimkatizi mtu. Nitaanza na habari za kazini, maana ndizo zilizonishikisha kalamu. Nivumilie.

Unajua niko kwa Bi Fakhriya, ila sijawahi kukueleza kazi yenyewe. Chini, dukani, anauza udi na manukato aliyorithi kwa baba yake. Juu, ghorofa ya sita, tunauza intaneti. Faiba inatufikia kwenye jengo, lakini kutoka hapo hatuchimbi mtaro, kwa sababu Kariakoo ukifukia waya leo, kesho fundi wa ghorofa jipya ameukata. Tunarusha hewani kutoka paani kwetu hadi maflati ya Upanga na nyumba za Magomeni. Chombo chenyewe tunakiita redio, lakini si ya kusikilizia taarifa ya habari. Ni kiboksi cheupe chenye dishi dogo. Kimoja kinakaa kwetu, kingine kwa mteja, vinatazamana.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mambo yaliharibika. Mchana huduma nzuri, ikifika jioni watu wakirudi nyumbani, inakatika. Bwana Filbert, katibu wa kamati ya maflati ya Upanga, ambaye hata akikasirika anakuita mpendwa, alikuja mwenyewe kusema kwamba ikifika Idi na huduma ya jioni bado ni ileile, maflati yote yatahamia kampuni nyingine. Maflati yale ndiyo nusu ya wateja wetu. Yakiondoka, Bi Fakhriya anafunga huku juu anabaki na udi wake, na mimi narudi Masasi na begi langu.

Eliakimu, injinia wetu, kijana wa maneno mengi na mikono mizuri ya kazi, alimletea Bi Fakhriya karatasi za makampuni zenye kasi za kila redio. Yeye alizisoma zote, miwani puani, mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba kila muuza udi naye husema wake ndio unaonukia. Akatueleza marehemu baba yake alivyokuwa akinunua. Hakununua kwa kunusa kipande kikavu. Alichoma kidogo cha kila mzigo, kila moshi na kitambaa chake, akaenda zake msikitini. Akirudi ndipo ananusa vitambaa. Harufu iliyobaki ndiyo mali. Basi tukaazima kwa wakala redio za aina tatu, tukazitundika paani, tukasubiri mvua.

Dada, nimesoma mpaka kidato cha nne na walimu wengi walinifundisha, lakini sijawahi kuona mtu mzima anayesema hajui bila haya kama mama huyu. Kila jioni alipanda ngazi na kanzu yake ya nyumbani, akaniuliza namba nilizoandika, na pale asipoelewa alimrudisha Eliakimu mwanzo, hata mara ya nne. Eliakimu alilalamika kwamba chuo kilimtoa kwa maswali machache kuliko hayo. Bi Fakhriya akamwambia chuo hakikuwa kinanunua.

Redio ya kwanza ilikuwa ya gigahezi sitini. Mwali wake mwembamba, haugombani na wa mtu, na kasi yake ilitufanya tupige makofi. Ikaja mvua kubwa ya kwanza, Upanga ikazimika. Magomeni haikufika hata siku ya jua, ni mbali kwake. Ya pili ni ya namna wanayotumia makampuni ya simu. Hiyo inapenya miti na kuta. Kwa Jacqueline, fundi cherehani wa Magomeni ambaye mwarobaini umemeza paa lake lote, ndiyo pekee iliyofika vizuri. Ila masafa yake yanataka leseni yake maalumu, na kampuni ya ukubwa wetu ingechoka kabla haijaipata.

Ya tatu ilitumia masafa yaleyale tuliyozoea, gigahezi tano, yaliyo wazi kwa kila mtu. Tofauti yake ni adabu. Redio zetu za zamani kila moja husikiliza, ikiona kimya ndipo inasema. Na Kariakoo kimya kiko wapi? Zinasubiri, au zinarukiana. Hizi mpya, redio ya paani ndiyo inayogawa zamu, wewe sema, sasa wewe, na saa yake inafuata setilaiti ili isikosee. Haikuwa na mbio za ile ya kwanza, lakini mvua ilinyesha ikaendelea na kazi kama mama lishe mwenye turubai. Bi Fakhriya akasema hicho ndicho kitambaa kilichobaki na harufu. Ile ya sitini akaichukua kwa ajili ya jengo la jirani tu, na redio ya zamani ikae pembeni kuipokea kazi mvua ikizidi. Jacqueline tukamrefushia mlingoti upite mwarobaini, akatuwekea soda. Mpaka leo naona Bi Fakhriya alichagua sawasawa.

Tukazifunga redio mpya. Mchana ule Upanga ilikwenda vizuri ajabu. Jioni, ikarudi kulekule.

Nilipanda paani na kompyuta, nikapima mawimbi hewani upande kwa upande, naandika. Kelele kubwa kuliko zote ilitoka ng'ambo ya barabara, paa linalotazamana na letu. Nilimwonyesha Eliakimu, akakuna kichwa, akaniuliza kama najua lile paa ni la nani. Nilijua. Kila mtu Mtaa wa Sikukuu anajua. Ni la Hamud, mdogo wake Bi Fakhriya, naye anauza intaneti. Tangu mirathi ya duka la baba yao hawajapeana neno. Tulipomuuliza yule wakala wa redio, alicheka mpaka akashika meza. Hamud naye alikuwa ameazima zile aina tatu, akazitundika wakati uleule wa mvua, na akanunua redio zilezile. Baba mmoja ndiye aliyewafundisha kununua.

Hapo ndipo ubaya ulipo. Redio hizi zina zamu, lakini kila upande una zamu zake. Ya kwetu inaposikiliza, ya Hamud inasema, na sauti ya karibu namna ile inamfunika mteja wetu aliye mbali. Yetu inamfanyia vivyo hivyo. Kila mmoja akaongeza nguvu ya mitambo mpaka pale sheria inaporuhusu, na kelele ikazidi. Dawa si kununua kingine. Dawa ni mapaa mawili kupanga zamu moja: yaseme pamoja, yasikilize pamoja. Na hilo haliwezi kufanywa na upande mmoja.

Nilimweleza Bi Fakhriya hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bora auze udi mpaka kiama. Eliakimu akajaribu kutania kwamba hata udi wateja wanauliza bei kwa simu, na simu inataka intaneti. Hakucheka.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani vimeingia wiki moja, kwa hiyo ofisi nzima tulikuwa na njaa. Nami ndiye niliyekuwa napeleka futari. Hilo nalo sikukuambia: watu hawa wawili wasiosalimiana, kila Ramadhani wanapelekeana chakula. Sinia linavuka barabara limefunikwa kawa, mfanyakazi analipokea, na kesho yake linarudi na tende au sambusa, maana kwao chombo hakirudi kitupu. Neno ndilo lisilovuka.

Juma la mwisho la mfungo, Bwana Filbert akapiga simu, akaniita mpendwa mara mbili. Jioni nikamkuta Bi Fakhriya jikoni kwake, mwenyewe, msichana wa kazi amesimama pembeni haamini, akisukuma vipopoo. Ni vile vidonge vya unga katika tui zito la nazi na hiliki. Alinipa bakuli na kuniagiza nimwambie Hamud kwamba mimi, fundi wake, nina swali la paani. La fundi, akasisitiza, si lake.

Nilimkuta Mzee Hamud na tasbihi mkononi. Nilimwamkia, nikamuuliza swali lote, la kusema pamoja na kusikiliza pamoja. Hakujibu la paani hata moja. Alifunua bakuli, akauliza nani kapika. Nikamwambia. Akaonja kimoja baada ya adhana, akasema hiliki imezidi, kama siku zote, na kwamba mama yao alimkanya dada yake huyu juu ya hiliki mpaka akachoka. Akaniruhusu niende. Nilivuka barabara nikijua nimeharibu.

Kesho yake, kabla ya magharibi, lifti ikiwa mbovu, tukasikia mtu anahema ngazini. Alikuwa Mzee Hamud, bakuli mkononi, limejaa vipande vya udi. Alilipita dawati langu, akapanda moja kwa moja paani, na Bi Fakhriya akamfuata. Mimi na Eliakimu tukawafuata, maana kompyuta ilikuwa juu. Hakuna aliyelia wala kukumbatiana. Hamud alitazama mitambo yetu akasema, “Dada, tangu mwaka uanze unanipigia kelele.” Bi Fakhriya akamuuliza aliyeongeza sauti kwanza ni nani. Hamud akasema yeye alikuwa anajitetea. Wakabishana kwa raha ya watu waliokosa mbishi kwa muda mrefu. Hamud alitaka zamu ndefu ya kupandisha, maana wateja wake ni wenye maduka wanaotuma picha za mizigo. Bi Fakhriya alitaka ya kushusha, kwa ajili ya maflati na tamthilia zao. Akamwambia mdogo wake kwamba bado anataka fungu kubwa kama alipokuwa mtoto. Mwisho wakakubaliana robo ya kupandisha, iliyobaki ya kushusha, na Eliakimu akapiga simu kwa fundi wa ng'ambo, wakaweka namba sawa kwa sauti, moja moja.

Klara, niliiona kelele ikishuka kwenye kioo kama maji yanayotoka sinkini. Redio ni zilezile, hakuna tulichobadilisha ila namba. Jioni ile nilimpigia Bwana Filbert kumuuliza hali, akasema hana muda, anaangalia mpira. Sikukuu ikapita, na maflati yamebaki kwetu.

Sasa nafika ninapopaogopa.

Wakati wa kushuka, tulipofika ofisini, Mzee Hamud aliniuliza kwa utani kwetu narudisha vyombo vya nani, kama nina dada mwenye makelele kama wake. Nikamjibu kwamba sina. Dada yangu, nilisema sina. Neno lilitoka jepesi, kama mtu anayeulizwa kama ana chenji. Mzee akasema pole, akaendelea na ngazi. Bi Fakhriya alitazama chini ya meza yangu.

Chini ya meza kuna ile ndoo ndogo ya bluu uliyonijazia ming'oko, vile viazi vya porini, ukaileta kwa basi, mwezi mmoja kabla hatujagombana. Nimekuwa naweka humo vichwa vya waya. Kitakoni kuna jina lako, KLARA, uliloandika kwa rangi ya kucha ili isipotee kwenye shughuli za watu. Leo asubuhi nimeikuta juu ya meza, imeoshwa, vichwa vya waya vimehamishiwa kwenye boksi. Sikuuliza nani kafanya.

Nakuja Pasaka. Siji kumchukua Mama. Nakuja kukaa jikoni kwako unieleze kwa nini hutaki apasuliwe huku, mwanzo mpaka mwisho, maana miezi yote hii sijui sababu yako; nilikuwa nasema. Ukimaliza, nami utanipa zamu yangu. Akiulizwa Mama mwenyewe pia itakuwa vizuri. Sidhani kama kuna aliyemuuliza.

Mpe shikamoo yangu nyingi, umsomee barua hii yote, hata hapo nilipokukana. Shemeji msalimie, na watoto waambie mama yao mdogo wa mitambo anakuja na biskuti. Bi Fakhriya anakusalimu bila kukujua.

Mimi mdogo wako,
Severa

Alhamisi asubuhi, mawingu, hakuna mvua. Naipeleka ndoo kwa wakala wa basi pamoja na barua. Ndani kuna tende, khanga mbili, na kipande cha udi wa Mzee Hamud. Kichome kidogo, usubiri, ndipo unuse. Jana nililala saa saba kasorobo usiku kwa kuiandika barua hii.