Maji ya Mtungi Kwenye Rejeta

Jumatatu, 3 Februari

Chai. Vidonge vitatu, kimoja nusu. Kisha nikategea sikio lori liwashwe, kama kila asubuhi. Kimya. Nilikuwa nimesahau kwamba liko gereji, leo siku ya tano.

Binti yangu Rehema alinitoa nje kwenye kitanda cha kamba kabla jua halijavuka ukuta. Miguu imevimba. Daktari alisema moyo umechoka, akalisema hilo kama mtu anayezungumzia punda. Sikuumia. Nina miaka themanini kasoro mmoja.

Joto la Garsen halisubiri mchana. Ikifika saa nne, watu na mbuzi barabarani huonekana wakielea, hawana miguu. Niliwatazama mpaka nikasinzia. Nilipoamka sikujua ni siku gani wala mwaka gani. Raha tupu, kisha nikakumbuka.

Lori lilifia njiani likitoka Kilelengwani na magunia ya mpunga. Lilichemka, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Dereva wetu Barisa alilala nalo porini siku mbili, asije mtu akafungua kitu.

Kuna jambo. Nitaliandika. Si leo.

Jumanne, 4 Februari

Nilipelekwa gereji kwa tuktuk. Fundi Kazungu amekuja kutoka Malindi na ameifungua injini. Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha chuma cha juu, imepasuka. Mifereji ya maji imejaa tope la rangi ya chai ya maziwa. Kazungu alichota kwa kidole, akaniletea nione.

"Mzee, hii ni injini ama ni konde la mpunga? Tukipanda leo, mwezi wa sita tunavuna."

Mafundi wakacheka. Rehema hakucheka. Lori limeandikishwa kwa jina langu, lakini binti yangu ndiye anayeendesha kazi yake. Alimgeukia Barisa mbele ya wote.

"Nakununulia kulanti ya rejeta, wewe unatia maji ya mto! Udereva ulifundishwa na ng'ombe?"

Barisa ni Muorma, watu wa ng'ombe. Ametuendeshea miaka kumi na mmoja. Alinitazama mara moja. Mimi nikaitazama fimbo yangu.

"Mimi nasema nini, dada?" akasema. "Maji iko ndani. Nyote munaona."

Aliweka funguo juu ya tairi, akaondoka kwa miguu.

Sikula.

Jumatano, 5 Februari

Maji yale niliyatia mimi.

Nimeliandika. Linasomeka.

Sisi watu wa mto tuna desturi. Maji ya Tana huja na tope, kwa hiyo huyaweka mtungini mpaka asubuhi. Tope hushuka, ya juu huchotwa taratibu kwa kata. Matamu. Nimelelewa kwayo. Miaka miwili iliyopita kulanti, ile dawa ya kijani ya rejeta, ilikuwa imechelewa kufika na lori lina safari. Nikachota juu ya mtungi, nikatia. Lori likaenda Madogo likarudi salama. Nikajiona nimewashinda wenye kiwanda.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi, kujazia yaliyopungua. Nasimama juu ya jiwe, Barisa ananishika kiuno nisianguke, namimina. Mlio wa maji yakiingia kwenye chuma. Ilikuwa kazi pekee niliyobakiwa nayo duniani, na niliipenda kama mtoto.

Jumamosi ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, kampuni inataka ile ya kijani." Nikamjibu, "Kati yangu na wewe, nani amesoma?" Hakurudia.

Nilifundisha sayansi miaka thelathini na minne. Nimewachemshia watoto maji mpaka yakaisha, nikawaambia watazame kinachobaki chini ya sufuria. Nilijua. Sikukosea kwa ujinga.

Madumu matano ya kulanti yako chini ya kitanda changu, hayajafunguliwa. Rehema ananunua, ananipa nitunze. Nayalalia.

Alhamisi, 6 Februari

Rehema alikuja na karatasi. Waranti ya kwanza ya lori ilikwisha. Yeye aliongeza ya ziada, na imebaki miaka miwili. Kampuni ya waranti imekubali kwa simu kubadilisha hedi na gasketi inayoziba chini yake, kwa aina ileile ya zamani, mradi mkaguzi wao athibitishe kwamba lori lilitunzwa walivyoagiza. Anakuja Jumatatu.

Kazungu ana mawazo mengine. Maadamu injini iko wazi, anasema, tuiboreshe: rejeta pana zaidi, pampu ya maji ya aina mpya, bolti nene za kushikilia hedi. Ile ya kiwandani ni ya watu wa baridi, haikuijua Garsen. Lakini ukifunga kifaa ambacho si cha kampuni, waranti imekufa siku hiyohiyo.

"Amua wewe, Baba," Rehema akasema. "Mimi kichwa kimejaa."

Nikasema nitafikiri. Nililala.

Lori lilikuwa linakwenda chini ya mto. Taa zinawaka, kambare wanapisha. Nyuma, juu ya magunia, darasa langu lote limekaa kwa sare zilizopigwa pasi, na nywele zao zinayumba kama majani. Naandika ubaoni, chaki inayeyuka. Barisa anaendesha. Nikamwita. Hakugeuka, na hakukuwa na hasira yoyote katika shingo yake.

Niliamka ladha ya udongo iko ulimini. Nilitamani kurudi.

Ijumaa, 7 Februari

Barisa alipita kwenda msikitini. Huwa anaingia kunisalimu kwanza. Hakuingia.

Mjini wanasema mtu wa mifugo hajui mashine. Wanaosema ni Wapokomo wenzangu. Mwenye lori mwingine alikuwa amemtaka Barisa, amebadili nia. Rehema alinisimulia hilo huku akikunja nguo, kama habari za mvua.

Ni mimi niliyefanya hivyo. Kwa kutazama fimbo tu.

Jumamosi, 8 Februari

Mikono haina kazi. Pumzi fupi. Mchana kutwa naona kingo za vitu zikitetemeka, mlango, kikombe, uso wa Rehema.

Siogopi kufa. Naogopa kuzikwa kwa sifa. Watasimama kanisani waseme Mwalimu alikuwa mtu wa kweli, na Barisa atakuwa nje pamoja na waliokuja kuzika, ananyamaza kwa adabu.

Jumapili, 9 Februari

Kazungu alikuja kuniona. Aliinama sikioni. Kama dereva alitia maji bila mwenye gari kujua, anasema, kampuni hizi mara nyingine hulegeza. Mwenye gari akitia mwenyewe, hawalipi kitu.

"Kwa hivyo jibu liko tayari, Mzee. Weka sahihi tu, ulale."

Ana nia njema. Jibu lilikuwa jepesi na laini. Nilitaka kulikubali. Nakiri, nilitaka sana.

Jumatatu, 10 Februari

Mkaguzi ni msichana wa Mombasa, mpole, viatu vyake vimejaa vumbi. Alikuwa ameshapiga picha gereji. Alikaa kando ya kitanda changu na fomu yake. Ni maji gani yaliwekwa kwenye rejeta? Nani aliyeweka? Rehema akaanza kujibu, "Dereva, bila sisi ku..."

Nikamwambia Rehema aingie atazame chini ya kitanda cha chumbani.

Alikawia. Alitoka na dumu moja, akaliweka juani. Akaingia tena. Alitoa yote matano hivyo, mojamoja. Kijani chake kilipigwa na jua, kikatupa rangi ukutani. Nikajikuta naitazama rangi ile, nzuri mno, nikasahau kidogo tuko katika jambo gani.

"Nilitia mimi," nikasema. "Maji ya mtungi. Miaka miwili."

"Babu, una hakika niandike hivyo?"

"Andika. Na andika kwamba dereva alinikataza."

"Hakuna mahali pa kuandika hilo, Babu."

"Basi andika pembeni."

Akaandika pembeni. Nikatia sahihi. Waranti imekataliwa.

Rehema alisema "Baba" mara moja tu, akaingia ndani.

Jumanne, 11 Februari

Mpaka adhuhuri hakunisemesha. Vidonge aliviweka bila kunitazama. Kisha akasimama mlangoni.

"Ungeniambia mimi kabla ya mgeni. Nimemtukana mtu wa watu mbele ya gereji nzima."

Kweli. Hata kukiri nilikiri kwa ubinafsi.

Alijifunga leso akaenda kwao Barisa. Peke yake, kwa miguu, kwenye jua lile. Alasiri walirudi wawili. Barisa hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, mgongo ukutani. Nikamwomba radhi. Maneno niliyoyapanga yote yalipotea, nikasema moja tu, nisamehe.

Barisa alinitazama.

"Miaka mbili mimi nashika wewe kiuno, Mwalimu. Wewe kunishika mimi siku moja, imekushinda."

Hakusema amenisamehe. Aliuliza hedi imepasuka upande gani.

Alhamisi, 13 Februari

Sasa hakuna waranti ya kuiogopa. Kazungu anataka kuboresha kila kitu, macho yanamng'aa. Rehema akaniuliza. Nikasema aamue atakayeliendesha.

Barisa alisikiliza yote kwanza. Rejeta pana, ndiyo. Pampu mpya, ndiyo. Bolti nene, hapana. "Ikikatika kule Bura, nani iko nayo? Weka ile ya kawaida, kila fundi anajua." Kazungu akabisha, akashindwa, akakubali. Ni uamuzi ambao mimi na vyeti vyangu nisingeufikia.

"Na kitu moja tena," Barisa akasema. "Kifuniko ya rejeta, weka kufuli."

Kazungu alicheka mpaka akashika magoti. Rehema akageuza uso. Mimi pia nilicheka, kifua kikauma. Barisa peke yake hakucheka. Kufuli litawekwa. Ufunguo atauvaa shingoni.

Shamba la juu tutalikodisha misimu miwili kulipia. Nimetia sahihi. Rehema alinishikia kalamu mkononi, vidole havishiki vizuri tena.

Jumapili, 16 Februari

Homa. Nilidhani marehemu mke wangu amekuja kuchukua kikapu. Nilimwambia kiko jikoni. Alinishukuru. Rehema anasema nilizungumza na pazia.

Hata hivyo alinishukuru.

Jumatano, 19 Februari

Injini ya lori ilifungwa jana. Leo limekwenda Madogo na mzigo.

Barisa alipiga simu alipofika. Rehema aliweka sauti ya juu ili nisikie. Sindano ya kipimo cha joto ilisimama katikati njia nzima, alisema. Hola alipumzika, akanywa chai. Mizani ya barabarani haikumsumbua. Alimsalimu Rehema, akamwuliza habari za watoto. Mimi hakuniulizia.

Rehema alinitazama, akaziba simu kwa kiganja. Nikamwashiria amwache aendelee.

Waliongea muda mrefu kuhusu mzigo wa kurudi nao. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mtoni, una ubaridi kidogo. Nilisikiliza sauti ya Barisa mpaka nikalala.