Nilialikwa Chakula Redioni, Nikakuta Kufuli Mlangoni

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijairudisha redio yangu kabatini, maana nina miaka sabini na mbili na sikutegemea kwamba katika umri huu ningesimama mbele ya mlango wa mtu, shati nimelipiga pasi, nikitazama kufuli.

Mimi ni mjalidi, mtia vitabu majalada, nilihamishwa kwetu pamoja na wengine wengi miaka thelathini na moja iliyopita, na tangu hapo naishi mji huu katika chumba chenye vitabu vingi na watu wachache, mpaka miaka mitatu iliyopita nilipofanya mtihani wa redio za ridhaa, nikafaulu, nikapewa leseni na alama yangu ya wito ya kunitambulisha hewani, nikanunua redio ya mkononi, na kwa kuwa redio yenyewe haifiki mbali tunazungumza kupitia ripita, ule mtambo ulioko juu ya kilima ambao hupokea sauti zetu na kuzirusha upya mji mzima usikie, na tangu siku hiyo, Mshauri, nimepata majirani arobaini ambao wengi wao sijaona nyuso zao, wananiita Mzee Jalada, na kila Jumamosi asubuhi tunaitana mmoja mmoja kujua nani yupo. Hulalamika kwamba sentensi zangu huwafikia hazina kichwa, nami nimewaomba radhi mara nyingi kwa lafudhi yangu ya ugenini.

Katika hao yumo fundi miwani, mjane, duka na nyumba yake viko nyuma ya posta, naye hutamka neno "kumbe" kwa kulivuta mwishoni, kama walivyokuwa wakilitamka kwetu, hata nimezoea kutafuta habari za ajabu vitabuni ili nimsimulie aseme "kumbe". Jumamosi moja akaniambia, wote wakisikia, "Mzee Jalada, kesho mchana napika. Njoo. Usilete kitabu, lete tumbo." Mimi nimelelewa kwamba anayekualika hasubirishwi jibu, kwa hiyo nilibonyeza kitufe maneno yakiwa tayari mdomoni, nikasema, "Sitakosa, mama, nakushukuru sana kwa kunikumbuka."

Kisha dereva wa lori la maji, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Pole, fundi. Sahani yake niwekee mimi." Nikadhani ni utani wake wa kila siku, nikacheka peke yangu. Kesho yake nikaenda, nikakuta kufuli, na mwenye duka la jirani akaniambia fundi ameenda kula kwa mdogo wake. Tangu hapo nikimwita hewani hujibu "nimekupokea", hutaja alama yake ya wito, basi. Je, alinialika kwa mzaha, au nimemkosea bila kujua, na je, nijiondoe kimya kimya nisiwaharibie wenzangu mazungumzo?

Ni mimi, mjalidi.

Mshauri anajibu

Shikamoo, mzee wangu. Heshima nimekupa, sasa niruhusu nikugombeze.

Barua yako nilimsomea fundi mitambo wa studio yetu, ambaye naye ana leseni kama yako. Kabla sijafika kwenye kufuli aliweka kikombe mezani akauliza, "Huyo mzee anabonyeza na kusema kwa mpigo mmoja?" Nikamwambia ndiyo, tena kwa adabu. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Ripita, anasema, haiamki papo hapo. Ukibonyeza, inahitaji kitambo kidogo cha kufumbua macho, na unachosema kabla ya hapo hakimfikii mtu. Hebu chukua jibu lako, ukate silabi ya kwanza tu, ulisome kwa sauti: "...takosa, mama, nakushukuru sana kwa kunikumbuka." Umesikia? Mji mzima ulimsikia mzee mstaarabu akikataa chakula cha mjane. Dereva wa lori hakuwa anatania, alikuwa anamfariji mwenzake kwa namna anayoijua. Na huyo mama aliyekataliwa mbele ya watu arobaini, ulitaka akungoje mlangoni na mwiko?

Lafudhi yako haina kosa lolote. Miaka mitatu umeomba radhi kwa ugeni wako, na kosa lote lilikuwa la kidole gumba. Tena wewe mtu wa vitabu unajua kwamba lugha yetu hukataa mwanzoni mwa neno. Mwanzo ukimezwa, "sitakosa" na "nitakosa" hazina tofauti.

Basi kuanzia leo: bonyeza, vuta pumzi moja, ndipo useme. Anza kwa kumtaja unayemwita, kisha alama yako, kisha habari yenyewe. Mwenzako akimaliza, acha mtambo utoe mlio wake kwanza. Mwanya ule si dharau, ni nafasi ya mwenye dharura kuingia, na wewe umekuwa ukimfungia mlango kwa haraka zako. Na fupisha. Najua hizo habari za vitabuni zina urefu gani.

Redio hairudi kabatini. Ila hili la mama usilisafishe kwenye ripita, ile ni sebule ya watu wote. Nenda dukani kesho anapofungua, kwa miguu yako. Mwambie ulisema "sitakosa", "si" ikabaki kilimani. Mwambie ulikwenda, na shati ulilipiga pasi; hilo usilifiche hata kidogo. Akisita, mwombe akupime macho. Ukishakaa kwenye kiti chake hawezi kukufukuza mpaka amalize.

Na akikualika tena, mkiwa mmetazamana namna hiyo, jibu upesi kadiri unavyotaka.