Ubao wa Lita Mia Mbili

Mke wangu, Mama Wakesho,

Habari za huko Wusi? Goti lako limepona, au bado unapanda kilima ukichechemea? Na mvua imeshika, au imewadanganya tena? Mimi ni mzima, ila viganja vimechubuka, ndiyo maana mwandiko umelala. Ningekupigia simu, lakini najua ungecheka kabla sijamaliza. Kwa hivyo barua nampa jamaa wa Voi anayekuja likizo.

Unajua kazi yangu hapa ufukweni Omani ni kubeba mbao za wageni, zile wanazosimama juu yake wakishika tanga, upepo ukiwasukuma. Wiki iliyopita mgeni mmoja alipelekwa mbali, karibu apotee, na aliyekuwa zamu hakuweza kumfuata. Bosi akatukusanya. "Alhamisi kila mmoja ataenda hadi kwenye boya na kurudi, mbele yangu. Asiyeweza anarudi mjengo, kubeba zege."

Mjengo ndio ulionivunja mgongo, unakumbuka. Nikirudishwa kule sitaumaliza mkataba huu nikiwa mzima.

Tukaambiwa kila mtu achague ubao wake. Sasa, Mama Wakesho, kila ubao umeandikwa lita zake. Kuna mwembamba wa lita tisini, na kuna mmoja mpana kama mlango wa kanisa, lita mia mbili. Nikawaza kama mtu wa kwetu: mtungi wa lita ishirini tu, kutoka bombani hadi nyumbani, unakata shingo. Mia mbili nani ataziweza? Na mwili wangu unaujua, nimepita kilo mia. Nikaona nisiongeze uzito wa maji juu ya wangu. Nikachukua wa tisini.

Ukazama. Nikisimama, maji magotini, tanga linalala, nami chali. Kesho yake vilevile. Shabani, Mtanzania wa Tanga ninayelala naye chumba kimoja, alicheka mpaka akakaa mchangani. "We mtu wa milimani, huo ubao au nyambizi?" Kwa hasira nikaurudia uleule. Kuogelea sijui, nategemea jaketi la kuelea tu, na Jumatano ilikuwa imefika.

Jioni nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza. "Shabani, mbona wangu unazama na nimechagua wenye maji machache?"

"Maji gani?"

"Hizo lita."

Safari hii hakucheka. Alichukua mtungi mtupu wa plastiki, ule wa maji ya kuoshea vyombo, akafunga kifuniko, akaniambia niuzamishe baharini. Niliukandamiza kwa mikono, kisha kwa kifua. Ukaniponyoka, ukanipiga kidevuni.

"Lita ni ukubwa wa tumbo lake, kaka. Ndani hamna maji, ni povu gumu lililojaa hewa. Mzigo ni wewe! Mtu mzito anayeanza, lita zizidi kilo zake, tena zizidi sana. Chukua ule mlango, na tanga dogo."

Alhamisi upepo ulitoka nchi kavu, yaani unakusukuma uende usirudi. Ubao ulitulia chini yangu kama sakafu, nikafika kwenye boya upesi, na upesi huo ndio ulionitisha. Kugeuka, nikaanguka. Nilipopanda tena, watu ufukweni walikuwa kama punje za mahindi. Nikavuta kamba ya tanga, likaja, likanitupa. Nikavuta tena. Mgongo ukaanza kulia, na kila nikianguka boya linabaki nyuma, upande wa ufukweni. Nilikuwaza wewe ukipokea simu ya mtu usiyemjua.

Upepo ukaniletea sauti ya Shabani: "Magoti! Anza na magoti!"

Nikapiga magoti. Ule wa tisini ungenimwaga, huu haukuyumba. Nikasimama polepole, nikalishika tanga, nikarudi kwa mshazari, kulia kisha kushoto, maana upepo huo haukabiliwi uso kwa uso.

Bosi hakunipa hata mkono. Alisema, "Kesho saa moja, zamu yako," akaondoka. Shabani ndiye aliyenivuta mchangani. "Nyambizi imeibuka!"

Nisalimie mama mkwe, na kaka yangu wa pale Mwatate kwenye mkonge, umwambie mgongo bado upo. Wakesho mwambie baba yake sasa anasimama juu ya bahari, lakini habari za kuzama usimwambie.

Na kesho ukifika bombani, kabla hujajaza mtungi, ufunge kifuniko uunyanyue kidogo. Hicho kilicho ndani, usichosikia uzito wake, ndicho kilichonirudisha.

Ni mimi mumeo, mzito vilevile,
Baba Wakesho