Kuku wa Mlangoni

Jumatatu, 5 Mei 2025

Chumvi imeisha tangu jana na sina mtu wa kunisemea. Truphosa, binti yangu, amerudi Karagita kwenye mashamba ya maua. Tumebaki wawili katika nyumba hii ya Bondeni — mimi na mumewe, Makhanu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawasemezani ana kwa ana. Yeye hukohoa kabla ya kuingia, mimi huvuta pazia la jikoni. Desturi ya watu wenye shamba na ua mpana! Sisi tunaishika katika vyumba viwili vya kaunsili.

Nimekula sukuma bila chumvi. Kisha, kwa hasira, nikageuza kalenda ya mwaka jana, nikachora kuku mnono, na juu ya mdomo wake puto la maneno kama katika katuni za gazeti: "Hapa chumvi tunaisikia kwa majirani tu." Nikaibandika mlangoni, upande wake.

Jumanne, 6 Mei

Chumvi juu ya stuli. Na kando ya kuku wangu, jogoo mwenye miguu kama misumari — mkwe hajui kuchora — anasema: "Madam, amri imetekelezwa." Nimecheka hadi Jepkemboi wa mlango wa pili akaja kuangalia. Amesema ameishi na watu wa kila aina, lakini watu wa kutuma kuku aongee, hapana, hao hajawaona. "Mwalimu, nyinyi hata simu hamhitaji."

Ijumaa, 9 Mei

Kalenda imejaa, nimebandika ya pili. Jogoo analalamikia ugali mgumu. Kuku anamwambia apike yeye. Jogoo anasema biashara imekufa, viatu vya mitumba vinamtazama tu. Miaka yote hii nyuma ya pazia na sikujua kijana huyu ana mzaha. Nami namwachia kuku aseme nisiyothubutu.

Leo spika za baa tangu mchana. Kuku akasema: "Mji huu umenichosha. Mwenye gari anibebe, popote!"

Jioni, jogoo: "Kweli?"

Kuku: "Hata kesho."

Jumamosi, 10 Mei

Truphosa hakuja. Wamezuiwa kazini — maua ya sikukuu ya akina mama, huko Ulaya.

Alhamisi, 15 Mei

Jogoo amenyamaza wiki nzima. Leo watu wawili wamekuja kulitazama kabati, wakalipima kwa kamba. Jepkemboi ameniuliza nasafiri lini. Alidhani najua.

Jumamosi, 17 Mei

Sasa najua.

Truphosa amefika saa nane, hakuvua hata viatu. Nyumba inarudishwa mwisho wa mwezi. Makhanu anamfuata Karagita, chumba kimoja cha kupanga. Chumba kimoja — mkwe na mama mkwe! Hilo hata mimi siwezi kulitetea. Kwa hiyo Jumatatu inakuja pikapu kunipeleka Kitale kwa Khisa, mdogo wa marehemu mume wangu. Khisa nilimwona mara ya mwisho kaburini. Hakuniuliza nitalala wapi.

Olenguruone, wakati wa machafuko, tulitoka na nguo tulizovaa, vitabu vyangu vya kufundishia vikiungua nyuma yetu. Hakuna aliyeniuliza. Uwanja wa kanisa, hema, nyumba ya binti — kote nilipelekwa. Lakini safari hii, wanasema, nimechagua mwenyewe.

"Mama, si uliandika wewe?" Truphosa analia. "Alikuuliza mara mbili."

"Mara moja," nikamsahihisha.

Kumbe Makhanu alikuwa na neno hili tangu Januari, hajui atalipitisha wapi. Kwa mdomo hawezi. Kumtuma Truphosa aliona ni kama kunifukuza. Kisha kuku akaomba gari! Usiku uleule alimpigia mkewe simu kwa furaha: mama amekubali, tena kwa roho safi. Namwamini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mimi nilikuwa nacheza. Nilidhani na yeye anacheza.

Nikavuta pazia, nikalikunja kabisa. Nikaita, "Makhanu." Jina lake halijawahi kupita mdomoni mwangu.

Redio ikazimwa. Amekuja hadi mlangoni, akasimama akinipa mgongo, kama adabu inavyomtaka. Truphosa akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba naharibu, kwamba hili halitasafishika.

"Aliyeomba gari ni kuku," nikamwambia ule mgongo. "Mimi bado sijaulizwa."

Truphosa anasema niombe msamaha, na kwamba si wakati wa kuandika. Naandika. Chai imepoa. Mabega ya Makhanu yanapanda na kushuka, anakohoa kile kikohozi cha kuingia, lakini haingii, hageuki, na mimi sijalishusha pazia.