Nilisema Simjui

Mama,

Tangu wakuue shambani, upande wa Mabalako, kakao inaozea mitini kwa kuwa hakuna anayethubutu kwenda kuivuna. Darasa lako la Bungulu limepewa mwalimu mwingine. Hayo ungeyavumilia. Ninalokuandikia ni jingine, nalo linanitia aibu.

Ni habari ya Baba Furaha, jirani yetu fundi cherehani. Unajua alivuka mpaka akiwa mtoto, akikimbia mauaji ya kimbari ya Rwanda. Katika msafara uleule walivuka wauaji pia, na bunduki zao, na ulimwengu ukawapikia uji kambini bila kuwauliza kitu. Bunduki hizo zikazaa nyingine huku kwetu. Leo hata waliokuua wewe hatujui tuwaite nani.

Ulimfundisha Kinande, lugha yetu, lakini ile shukrani yetu, "wasingya," ilimshinda. Alisema "wachinja." Ulicheka mpaka ukashika mbavu: "Baba Furaha, unanishukuru ao unanichinja?" Na darasani ulizoea kueleza jinsi kule Rwanda walivyoanza kwa kuwaita watu wadudu, kisha wakasimama barabarani kuuliza vitambulisho. "Batoto, neno inatangulia, panga inafuata nyuma."

Basi, wanafunzi wako wamekua, Mama. Wameweka barrière, yaani kizuizi, kwenye barabara ya Butembo, na kila anayepita lazima aseme "wasingya" ndipo wamjue ni mwenzao.

Juzi tulishushwa hapo garini, mimi na Baba Furaha. Alikuwa ananisindikiza kwenda kununua vigae vya kaburi lako. Zamu yake ilipofika alitabasamu, maskini, akasema, "Wachinja."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja, uliyemfundisha kusoma wewe mwenyewe, akanigeukia. "Lakini huyu hapana mutu ya kwetu. Unamujua?"

"Hapana," nikasema. "Simujue."

Mtu aliyebeba jeneza lako begani! Wakampeleka nyuma ya kibanda chao, na dereva akatuita tupande. Nikapanda. Vigae nilinunua, Mama, vyeupe, vizuri sana. Navichukia.

Mkewe alinijia jioni: "Mulipotezana wapi, dada?" Nikamjibu kwamba tuliachana sokoni. Tangu siku hiyo anazunguka soko la Butembo akimtafuta mume mahali ambapo hakufika. Wengine wanasema yuko cachot, mahabusu. Wengine hunyamaza nikiuliza, na hao ndio wanaonitisha.

Nilikuwa nikilaani wale wa ng'ambo: waliwezaje kumtoa jirani yao? Sasa najua. Inatosha kuogopa kidogo, na gari liwe linakusubiri.

Kesho asubuhi nitasimama mlangoni kwa Mama Furaha nimwambie ukweli wote, hata akinitemea mate. Kisha nitarudi barrière, niseme kwa sauti kwamba namjua, na sitaondoka mpaka wanionyeshe walikompeleka. Hiyo ni ahadi.

Kwaheri, Mama. Ukimwona huko kabla sijampata, usinitetee.

Binti yako,
Masika