Chokaa Isiyotoka

Kikwajuni, Unguja mjini
Jumapili asubuhi

Mwanangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Hujambo, mwanangu? Mumeo Makame hajambo, na ule mgongo wake? Zuwena anakwenda skuli au bado anasingizia tumbo? Mdogo wake Haji, meno ya mbele yameshaota? Mama yangu, bibi yako, mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mbele, na miguu yake mkande kwa mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, si ya moto. Na Bi Time, jirani yetu wa ukuta mmoja, bado anagombana na kuku wake? Nawauliza mmoja mmoja kwa kuwa hapa nnapoandika nyote nakuoneni.

Mimi nipo. Usishtuke kuona barua. Simu naiogopa, maana hapo kwenu mkipokea simu mnaifungulia sauti Tumbatu nzima isikie, na haya ni yako kwanza. Atakuletea mjomba wako Vuai. Hati yangu unaijua, mimi mtu wa darasa la nne, soma polepole.

Kazi yangu ni ile ile, nakunja tambuu kwa popoo na chokaa, za kupeleka maharusini, na jioni nauza chini ya majumba ya Michenzani. Nauza na kutafuna, unanijua. Basi wiki iliyopita jino la nyuma likaniuma hata uji ukanishinda, nikaenda hospitali. Daktari msichana mdogo, rika lako. Akanimulika taa mdomoni, lakini jino akaliacha, akawa anatazama shavu tu.

"Bibi, hii nyeupe unayo tangu lini?"

"Chokaa hiyo, mwanangu. Mimi mtu wa tambuu, ulitaka niwe na shavu kama lako?"

Hakucheka. Akachukua kitambaa cheupe akasugua, akasugua tena, kisha akanionesha. Kitambaa safi vile vile.

"Chokaa ingetoka, bibi. Hii haitoki."



Akanieleza taratibu. Alisema hii si saratani, lakini ni mahali ambapo saratani huweza kuanzia. Si kila mtu humgeukia kuwa saratani, ila kwa macho tu hakuna anayeweza kujua, mpaka ipimwe. Mara nyingi haiumi, ndiyo maana watu hukaa nayo. Popoo na tumbaku tunazozitia kwenye tambuu ndizo zinazotudhuru. Akasema tena, weupe kama huu unaweza kuzuka pia sehemu nyengine laini za mwili, hata za siri za mwanamke, na anayeuona asione haya, aende akaangaliwe. Na mimi nakwambia hivyo hivyo, mama yako. Akanipiga sindano ya ganzi, akakata kinyama kama punje ya mchele, kimepelekwa kupimwa. Majibu Alhamisi.

Tambuu nimeacha siku ile ile. Sahani yangu ya kuuzia nimeifunika, sijui nitaifunua kwa uso gani. Shoga yangu Fatu ninayekaa naye ananicheka: "Mume alikuacha, sasa na tambuu unaiacha wewe, utabaki na nani, shoga?" Nikamwambia nitabaki na mdomo wangu, na wewe nikutukane nao. Tukacheka. Kisha nikamwona anakwenda kwenye kioo, anajifunua shavu kimyakimya.

Lakini mwanangu, shavu langu silo linaloninyima raha.

Unakumbuka Idi, nilipokuja? Tuko jikoni, mimi nakuna nazi. Ukafunua mdomo ukaniambia, "Mama, hebu nitazame, kama nna utando hapa ndani." Nilikutazama nusu nusu, macho yangu kwenye mbuzi. Nikakwambia chokaa imekubabua, punguza, usugue kwa chumvi. Ukasema, "Nshasugua, mama. Hautoki." Nikakwambia unajidekeza. Tena nikakukunjia tambuu nyengine, nikakutia kinywani kwa mkono wangu huu huu, kama nilivyokutia ile ya kwanza siku ulipotoka arubaini ya uzazi wa Zuwena, tukakupigia vigelegele kwamba sasa umekuwa mtu mzima.

Ulishaniambia hautoki. Mimi nimekuja kulisikia neno lako mdomoni mwa daktari.

Na juzi kwenye simu nilikusikia ukimgombeza Zuwena kwa pilipili aliyotia kwenye mchuzi, eti inakuwasha mdomo. Wewe, Mwanahawa, uliyekuwa ukitafuna pilipili mbichi kama tango. Na daktari naye aliniuliza kama pilipili inaniwasha kuliko zamani.

Basi nisikilize, wala usinijibu jibu la kunituliza. Tambuu iliyomo mdomoni iteme sasa hivi, kabla hujakunja karatasi hii. Kesho asubuhi sukutua, ukae mlangoni penye mwanga, ushike kioo. Pindua mashavu yote mawili, inua ulimi utazame na chini yake. Pangusa kwa kitambaa safi, taratibu, usikwaruze. Ile chumvi niliyokwambia iache. Bibi yako naye mtazame. Atakutukana, mtazame hivyo hivyo, ametafuna miaka mingi kuliko sisi sote.

Na kama ulikuwa unajua, ukaninyamazia kwa sababu nilikucheka, nisamehe. Sitokucheka tena.

Nisalimie baba watoto, umwambie asikuzuie safari. Nisalimie jirani wa kuku. Wajukuu zangu wabusu, yule mkubwa mwambie pilipili amefanya vyema kutia.

Vuai anarudi mjini Jumatano kwa boti ya asubuhi. Majibu yangu ni Alhamisi, lakini jibu lako nalitaka kabla ya langu. Hata karatasi ya daftari la Zuwena inatosha, andika neno moja tu: imetoka. Kama haikutoka usiandike kitu. Panda boti na Vuai uje mwenyewe, kitanda nshatandika.

Ni mimi mama yako,
Mize